Saa Haikumwona Mgonjwa

Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI mkoani Singida ameandikwa mahali pasipopungua panne. Kwanza ana kadi yake mwenyewe, CTC1, anayotembea nayo. Kliniki inabaki na CTC2, kadi kubwa inayokaa ndani ya faili lake, yenye mstari kwa kila hudhurio: tarehe, uzito, dawa aliyopewa, siku ya kurudi. Yaliyomo kwenye kadi hiyo huingizwa kwenye kompyuta ya kituo, na kutoka hapo husafirishwa hadi kwenye kanzidata ya taifa. Huduma ya dawa hizi ilianza kusambazwa nchini Oktoba 2004. Mimi niliingia baadaye, kwa upande wa data, na kazi niliyokabidhiwa ilitajwa kwa sentensi moja: hakikisha nakala zote zinasema jambo moja. Kazi hiyo imenishughulisha hadi leo.

Vitabu vya kompyuta vinavyoeleza namna ya kuweka data pembezoni, karibu na inakozaliwa, hupenda kutaja viwanda vyenye roboti, kamera za barabarani na magari yanayojiendesha. Hoja yao ni kasi: taarifa ikisafiri hadi kwenye seva ya mbali na kurudi, gari limeshagonga. Singida tuliweka data pembezoni kwa sababu nyingine. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, unafika Singida mjini. Ukitoka hapo kwenda kwenye zahanati iliyo kandokando ya mbuga za Wembere, au kijiji kilicho kwenye njia ya kutoka Itigi kwenda Rungwa, unategemea mnara mmoja wa simu, nao mnara unategemea umeme wake, na mvua zikikolea hata fundi wa kuutengeneza hafiki. Kusubiri mtandao urudi ndipo umhudumie mgonjwa ni kumrudisha nyumbani mtu aliyetembea tangu alfajiri. Kwa hiyo kituo kinakuwa na kompyuta yake, data yake, na uhuru wa kuandika bila kumwomba mtu ruhusa. Mtandao ukipatikana, au dereva wa bodaboda akifikisha flashi wilayani, nakala zinakutanishwa.

Shida yote iko hapo zinapokutana.

Liko jambo moja lililofanywa vizuri tangu mwanzo, na ningependa wanaojenga mifumo leo waliangalie kwa makini. Namba ya mgonjwa wa CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo, ina tarakimu 14: mbili za mkoa, mbili za wilaya, nne za kituo, na sita za mgonjwa mwenyewe. Kila kituo kinatoa namba zake bila kuuliza popote, na namba za vituo viwili haziwezi kugongana, hata kama vituo hivyo havijawasiliana mwaka mzima. Hakuna seva iliyohitajika kupata hilo, wala intaneti. Kilichohitajika ni mtu aliyekaa akagawa mamlaka ya kutoa namba kabla data yoyote haijaandikwa. Baadaye wilaya zilipomegwa, Mkalama ikatoka Iramba na Ikungi ikatoka Singida mwaka 2012, wapo waliotamani namba zifuate ramani mpya. Hoja yangu ilikuwa ile ile kila mara: namba imeshaandikwa kwenye kadi iliyo mkobani mwa mgonjwa, na nakala hiyo huna uwezo wa kuifikia ukairekebisha. Namba iachwe ilivyo. Wilaya ya sasa iandikwe mahali pake, pembeni.

Sasa nieleze habari ya saa, kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha mtazamo.

Mwaka 2019 nchi ilikuwa inawahamisha wagonjwa wengi kutoka kwenye dawa ya mchanganyiko wa TLE, yenye efavirenz, kwenda TLD, yenye dolutegravir. Kwa muuguzi wa zahanati ilikuwa kazi kubwa: kumweleza kila mgonjwa, kumbadilishia kidonge, kuandika kwenye kadi, kisha kuingiza kwenye kompyuta. Wilaya nayo ilitaka kujua wangapi wamebaki kwenye TLE ili iagize dawa sawasawa. Kulikuwa na programu ndogo ya mradi mmoja iliyotumika kukutanisha data za zahanati kadhaa na za timu ya mkoba iliyokuwa ikizunguka na kompyuta mpakato. Kanuni yake ilikuwa fupi. Kama rekodi ya mgonjwa mmoja imekuja na habari mbili tofauti, shika iliyoandikwa karibuni zaidi, nyingine itupwe.

Orodha iliyochapishwa wilayani ikarudishwa kwenye zahanati ili ihakikiwe. Nilipofika, muuguzi wa pale, mama mtu mzima aliyebakiza muda mfupi kustaafu, alikuwa ameshaweka alama ya kalamu nyekundu kwenye majina mengi. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea faili la kwanza.

"Mwanangu, huyu nilimbadilishia mimi mwenyewe. Soma."

Nikasoma. Mstari wa mwisho wa CTC2 ulikuwa kwa mwandiko wake, wino wa bluu, herufi za kulala: tarehe, uzito, TLD, siku 90. Kwenye orodha ya wilaya mgonjwa yule yule alikuwa bado yuko kwenye TLE. Akanipa faili la pili, la tatu. Yote yalikuwa hivyo.

"Na hawa niliwaingiza kwenye kompyuta hapa hapa. Au unadhani nilisahau?"

"Hapana, mama. Tuiangalie mashine."

Tuliiwasha. Ilikuwa kompyuta ya mezani, ya zamani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kuzuia vumbi. Pembeni mwa kioo, chini kulia, ilionyesha Januari 2009. Betri ndogo ya mviringo iliyo ndani ya kompyuta, ile ya CR2032 inayofanana na ya saa ya mkononi, ilikuwa imekwisha. Kila umeme ulipokatika, mashine ilisahau siku na kurudi kwenye tarehe iliyotoka nayo kiwandani. Muuguzi alikuwa ameshaliona hilo na akaona halina madhara, kwa kuwa tarehe ya hudhurio aliiandika mwenyewe kwa mkono, na aliiandika sahihi. Asichoweza kukiona ni muhuri mwingine ambao programu iliugonga kimyakimya kwenye kila rekodi: saa ya kuhifadhiwa. Kwa muhuri huo, kazi yake yote ya 2019 ilikuwa ya miaka kumi iliyopita. Ilipokutana na data za timu ya mkoba, zilizoingizwa kabla wagonjwa hawajabadilishiwa dawa lakini kwa mashine yenye saa nzima, programu ilifuata kanuni. Ikashika ya zamani, ikatupa mpya. Haikuonya mtu, kwa sababu kwa hesabu zake hapakuwa na mgogoro wowote.

Betri tuliinunua na kuiweka, jambo la dakika chache. Wengi wangeishia hapo: tatizo lilikuwa betri, betri imebadilishwa. Mimi sikuridhika. Kanuni ya kuchagua nakala ni hukumu kuhusu nani aaminiwe. Tulikuwa na muuguzi aliyekaa na mgonjwa, akampima uzito, akamkabidhi kopo la dawa mkononi. Tulikuwa pia na saa ya kompyuta, ambayo haikumwona mgonjwa. Mfumo uliiamini saa. Hakuna aliyeketi akaamua hivyo kwa makusudi. Ilitokea kwa sababu kulinganisha tarehe ni rahisi kuliko kuuliza nani anajua.

Tatizo hili lilishafikiriwa na watu wenye akili kubwa kabla wengi wetu hatujaona kompyuta. Mwaka 1978 Leslie Lamport alionyesha kwamba kwenye kompyuta zilizotawanyika, huwezi kutegemea saa za ukutani kujua lipi lilitangulia. Unachoweza kujua kwa uhakika ni nani alikuwa amesikia habari za nani wakati anaandika. Kwa lugha ya zahanati zetu, na kwa kulisogeza mbele wazo lake: kila kituo kiwe na hesabu yake kinayoiongeza kila kinapobadilisha rekodi, na kila nakala ibebe hesabu za vituo vyote ilivyokwisha kuvisikia. Zikikutana nakala mbili, na moja imeona yote ambayo mwenzake ameyaona na ziada, hiyo ndiyo mpya na hakuna ubishi. Ikiwa kila moja ina jambo ambalo mwenzake hajalisikia, basi wawili wameandika bila kujuana. Hapo mashine inyamaze, iziweke zote mbili, imwite mtu. Betri ikifa, hesabu ya kituo haifi nayo, maana imeandikwa kwenye diski pamoja na data.

Ndivyo tulivyotaka na ndivyo ilivyokuja kurekebishwa, ingawa kwa nyongeza moja ambayo haikutoka kwenye kitabu. Tuligawa rekodi vipande. Dawa anayotumia mgonjwa: kauli ya kituo alichosajiliwa ndiyo inayotangulia. Kipimo cha wingi wa virusi: kauli ya maabara. Namba ya simu na kijiji anachoishi: yeyote aliyezungumza naye mara ya mwisho, maana watu wanahama na kubadilisha laini. Mgogoro ukibaki, unarudi kwa kituo husika, na faili la karatasi ndilo linaloamua. Wilaya haikuwa na mamlaka ya kusahihisha dawa ya mgonjwa kutoka mezani. Baadhi ya wakubwa hawakulipenda hilo. Mazoea ya ofisi zetu ni kwamba kilichoko juu ndicho halisi, na kilichoko kijijini ni nakala inayosubiri kuhakikiwa. Kwa data ya mgonjwa mambo ni kinyume. Asili yake iko pale alipokaa kwenye benchi, na kadiri unavyopanda kwenda wilayani, mkoani hadi taifa, ndivyo unavyoshika nakala ya nakala. Nililisema hili kwenye vikao bila kuchoka, na bado nalisema.

Mwaka 2000 Eric Brewer alitoa hoja, na miaka miwili baadaye Seth Gilbert na Nancy Lynch wakaithibitisha kihesabu, kwamba mawasiliano yakikatika kati ya nakala, mfumo lazima uchague: ama ugome kuhudumia hadi mawasiliano yarudi, ama uhudumie kwa nakala ambayo huenda imepitwa. Kule mijini hoja hiyo hujadiliwa kama suala la gharama. Ukiwa na mgonjwa mbele yako na mtandao haupo, chaguo ni moja tu, utahudumia. Kwa hiyo juhudi zote zinahamia kwenye swali la pili, la jinsi ya kuandika leo ili kesho nakala zikutane bila kuumizana.

Leja ya dawa ilitufundisha njia nyepesi kuliko zote. Mfamasia mzoefu hafuti salio akaandika jipya. Anaandika kilichoingia, anaandika kilichotoka, na salio linatokana na kujumlisha. Ukiwa na kompyuta mbili zinazotoa dawa kutoka stoo moja, na kila moja ikahifadhi salio, zikikutana lazima moja ishinde na nyingine ipoteze, na dawa zitapotea kwenye vitabu. Kila moja ikihifadhi miamala, unachanganya miamala yote, unajumlisha, basi. Mpangilio wa kufika hauna maana, na kuchelewa wiki tatu hakuharibu kitu. Mwaka 2011 Marc Shapiro na wenzake waliliandika jambo hili kwa nadharia nzuri sana, la aina za data zinazoweza kuunganishwa bila mgogoro. Nilipoisoma nilifurahi kukuta kwamba watunza stoo wetu walikuwa wakiifanya kwa kalamu.

Kufuta ndiko kuliko kugumu zaidi, na nadhani ndiko kunakodharauliwa zaidi.

Watu wa Singida wanatembea. Kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Iramba, wafugaji wanaofuata malisho, vibarua wa vitunguu na alizeti. Mtu ana kadi ya kituo kimoja, anaishiwa dawa akiwa mbali, anakwenda kituo kingine. Wengine huanza upya kwa jina tofauti kidogo, kwa sababu hawataki ndugu anayefanya kazi kwenye kile kituo cha kwanza awajue. Matokeo yake ni rekodi mbili za mtu mmoja. Moja inaonekana kama ya mgonjwa aliyetoroka dawa, na mhudumu wa jamii anatumwa kumtafuta mtu ambaye anameza dawa zake vizuri kilomita mia moja kutoka pale. Wilaya inagundua, inafuta rekodi iliyozidi. Mwezi unaofuata flashi ya kituo inaletwa, ndani yake rekodi ile ipo, mfumo unaiona kama mgonjwa mpya na kuipokea. Aliyefutwa amerudi. Karani anafuta tena, na tena.

Kampuni ya Amazon ilikumbana na jambo la namna hii kwenye mfumo wake uitwao Dynamo, waliouelezea hadharani mwaka 2007. Nakala za kapu la mteja zilipokutana, waliona ni bora kuunganisha vilivyomo ili bidhaa isipotee, na mara nyingine kitu ambacho mteja alishakitoa kilirudi kapuni. Kwa kapu la manunuzi hilo linavumilika. Kwa rekodi ya mgonjwa aliyefariki, ambaye jina lake linarudi kwenye orodha ya watoro na mtu anatumwa nyumbani kwao kuuliza kwa nini haji kliniki, halivumiliki. Nimekaa na mhudumu wa jamii aliyetoka kwenye msiba wa namna hiyo. Aliniuliza kama kompyuta haijui kwamba mtu amekufa. Iliambiwa. Ikaambiwa tena vinginevyo na nakala iliyokuwa haijasikia.

Dawa yake ni kuelewa kwamba kufuta nako ni kuandika. Rekodi haiondolewi, inawekewa alama kwamba imefungwa, na nani, kwa sababu gani, imeunganishwa na namba ipi. Alama hiyo inasafiri kama data nyingine hadi kila nakala iipate. Halafu linabaki swali la alama ikae muda gani. Jibu la kitabuni ni hadi nakala zote ziwe zimeiona, na jibu hilo linadai kwamba unazijua nakala zote. Tulikuta kompyuta mpakato iliyofungiwa kwenye kabati miezi mingi baada ya mradi kuisha. Mtu aliiwasha kwa nia njema, ikaungana na mtandao, ikarudisha mamia ya rekodi zilizokwisha kufungwa. Tangu hapo kila wilaya niliyofanya nayo kazi iliweka daftari la nakala: iko kwenye mashine gani, kwa nani, imekutana na wenzake mara ya mwisho lini. Nakala iliyokaa kimya kupita muda uliokubaliwa hairuhusiwi kuandika. Inafutwa na kujazwa upya kutoka kwa jirani yake.

Na nakala nyingine hazijulikani kama ni nakala. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo na kuenezwa mikoa yote ya Tanzania Bara kufikia mwisho wa 2013, unamruhusu mtu kuingiza takwimu mtandao ukiwa umekatika. Takwimu hizo hukaa kwenye kivinjari cha kompyuta yake hadi mtandao urudi. Mtu mwingine akija kwenye kompyuta ile, akaona ni nzito, akasafisha kivinjari kwa kufuta historia na kila kitu, takwimu za mwezi za kata nzima zimekwenda. Kilichookoa mara zote ni fomu ya MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya) ya karatasi, ambayo kituo hubaki na nakala yake. Sijawahi kuunga mkono pendekezo la kuondoa karatasi kwenye zahanati isiyo na umeme wa kutegemewa, na sitaunga mkono.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora nchi nzima. Waziri wa Habari na Mawasiliano wa wakati huo, Nape Nnauye, alilitangazia taifa. Kwenye vituo vyenye nakala yao, foleni ya Jumatatu ilikwenda kama kawaida. Muuguzi mmoja nilipompigia kumuuliza hali, alikuwa hajui kama kuna tatizo. Kwingine, ambako kila kitu kilikuwa kimehamishiwa kwenye seva ya mbali kwa sababu ni nafuu kuisimamia, watu walirudi kwenye karatasi kwa haraka na bila maandalizi.

Hata hivyo sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba nakala nyingi ni heri tupu. Kila nakala ni mlango. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inadai siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Seva ya taifa ina walinzi, kamera na mlango wa chuma. Kompyuta ya zahanati ina kufuli la duka la vifaa vya ujenzi, kwenye kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake hadi babu yake. Ikiibwa, mwizi hana haja ya kuwa mtaalamu. Anahitaji kusoma majina tu. Flashi ikidondoka njiani ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo kabla sijakubali kituo kipewe nakala, nadai diski iwe imefungwa kwa usimbaji, flashi nayo hivyo hivyo, na kituo kibebe wagonjwa wake peke yao, si wa wilaya nzima kwa sababu tu diski ina nafasi. Nywila ya kufungulia diski nayo lazima iwe na nakala, la sivyo mganga mfawidhi akihamishwa ghafla data inabaki gizani. Tunaweka mbili: moja kwa mganga mfawidhi, nyingine kwenye bahasha iliyogongwa lakiri, ndani ya sefu ya wilaya, yenye tarehe na sahihi za watu wawili. Akihamishwa, bahasha inafunguliwa mbele ya mrithi wake, nywila inabadilishwa siku hiyo hiyo, na bahasha mpya inaandikwa kabla mtu hajapanda basi.